Mzee Shutu Amepita Mlangoni Pangu

Jumamosi, 3 Machi 1956

Msambweni. Joto kali, upepo haba. Afya njema. Usingizi wa kutosha, isipokuwa jogoo wa Bi Mwanarusi, mwenye nyumba wangu, huwika kwa saa anazozijua mwenyewe.

Tangu nilipoletwa hapa kutoka Mombasa kuwa karani wa ghala la mbata, zile nazi kavu za kukamulia mafuta, nimefanya kila linalompasa mgeni mwenye elimu. Nimesalimia kila mtu, wakubwa kwa wadogo. Nimejifunza nani huketi wapi msikitini, na sijakaa mahali pa mtu ila mara moja, nami nilihama upesi. Nimeuzoea hata muhogo wa asubuhi. Kwa jumla naupenda mji huu. Nisilolijua ni kama watu wake wananipenda mimi.

Dalili si nzuri. Wiki hii Kavumbi, mpwa wa jirani yetu Mzee Chirau, aliingia chumbani mwangu hali mimi niko kazini, akachukua karabai yangu. Alimwambia Bi Mwanarusi tu kwamba taa ya Othman wameichukua. Basi! Hakuomba, hakuuliza. Kwetu Mombasa mtu akitaka kiberiti chako hukuulizia kwanza hali ya mama yako.

Leo kubwa zaidi. Biasha, binti wa Mzee Chirau, anaolewa Ijumaa ya tarehe 16. Alasiri akatoka Mzee Shutu, mwalikaji wa mtaa huu, na bakora yake na kanzu iliyopigwa pasi, kwenda kuita watu nyumba kwa nyumba. Nilimsikia tangu mbali. Hodi, salamu, kisha maneno yake kwa sauti kama ya mwadhini: Mzee Chirau akusalimu sana, na akutaka uje umtilie baraka harusini kwa bintiye, Ijumaa baada ya sala. Akaingia kwa Mhindi wa duka. Akaingia kwa Mwalimu Alfani, mtu aliyekuja nyuma yangu, hata vumbi la safari halijamtoka! Mimi nikavaa kofia. Nikaketi. Nikajitengeneza uso wa mtu asiyetarajia kitu.

Mzee Shutu akafika mlangoni pangu. Akapiga hodi. 

Akaomba maji. Akanywa, akamshukuru Mungu, akanirudishia kata, akaenda zake nyumba ya pili.

Amepita mlangoni pangu!

Nyumbani kwetu Mombasa, mtaa wa Kuze, mtu asiyealikwa harusi ya jirani ni kama hayupo. Nimeamua. Ama nialikwe kabla ya tarehe 16, ama niombe kurudishwa Mombasa. Nimeandika kwa wino, si kwa penseli.

Jumapili, 4 Machi

Nimewaza kwa utaratibu. Huenda Mzee Shutu haoni vizuri jioni. Njia ya kwanza, basi: kuonekana.

Nimekaa barazani tangu asubuhi. Kanzu nyeupe, koti, kofia ya viua, uso kuelekea njiani. Jua lilipogeuka likanipata machoni. Sikuhama. Mwishowe Mzee Shutu akapita. Shikamoo. Marahaba. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akauliza kwa huruma ni nani aliyefariki. Nikamwambia hakuna. Akasema alhamdulillahi, akaendelea na safari yake.

Baadaye akapita Mwalimu Alfani. Ati amealikwa, na hajui hapa watu huvaa nini, kanzu au suti. Nimemshauri suti. Akauliza ipi, maana anazo mbili. Nikamwambia ile ya sufi.

Mungu anisamehe. Lakini mtu aliyealikwa ana baraka zake, hatakufa kwa joto.

Jumanne, 6 Machi

Njia ya pili: zawadi.

Mama aliniletea halua kutoka Mombasa kwa mkono wa utingo wa basi. Sikuionja. Nimeipeleka nzima nzima nyumbani kwa Mzee Chirau. Hoja yangu ni hii: aliyekula halua yako hawezi kulisahau jina lako wakati midomo ingali na samli.

Aliipokea mkewe, Bi Mwanafatuma. Hakuiweka kabatini kama zinavyowekwa zawadi. Aliifungua palepale, akawagawia watoto, akamtilia jirani kidogo, akala yeye, akalamba vidole. Mimi nasubiri. Akanitazama kwa makini sana, kisha akaniuliza kama chumba changu huvuja.

Nikajibu kwa fahari kwamba hakivuji, makuti ni mapya na sakafu kavu.

Magharibi akaja Kavumbi na wenzake, kila mmoja na gunia mgongoni. Mchele wa harusi! Wameupanga chumbani mwangu kuanzia kitandani hadi karibu na dirisha, wakajipangusa jasho kwa taulo yangu. Kavumbi akasema mke wa mjomba wake haamini chumba kingine chochote mtaa mzima, na tena panya humwogopa karani. Wakacheka wote. Mimi nilicheka kwa adabu, si zaidi.

Basi hayo ndiyo maisha. Kazini nalinda mbata, nyumbani nalinda mchele. Mchele ambao sikuitwa kuula!

Nimelala ubavu mmoja, maana ubavu wa pili una gunia.

Alhamisi, 8 Machi

Njia ya tatu: kuondoka. Hili nililisoma mahali, kwamba thamani ya mtu hujulikana anapotaka kwenda.

Nimetangaza leo kwenye birika la msikiti, kwa sauti ya kusikika, kwamba Ijumaa ya tarehe 16 sitakuwapo. Nina safari ya Mombasa. Mambo yangu. Nikatawadha polepole ili niwape nafasi ya kunisihi.

Mzee Chirau aliposikia, uso wake ulibadilika. Alinishika mkono akanivuta kando. Nikajua sasa ndiyo sasa. Nilikwisha kutayarisha maneno ya kukubali, ya unyenyekevu kiasi.

Akaniambia safari yangu ameletewa na Mungu. Ila siku ndiyo imekosewa: niende Jumamosi hii, nirudi Jumapili. Vikuku vya dhahabu vya Biasha viko kwa sonara Mombasa, vimekamilika, na hana mtu wa kumtuma. Kavumbi hawezi kutumwa, maana ataanza kumwonyesha kila anayemjua tangu Likoni. Akaniuliza, baba, utanifanyia?

Kinywa changu kikasema ndiyo kabla kichwa hakijaulizwa.

Nilipogeuka, Kavumbi alikuwa amekwisha kusikia yote. Akapaza sauti kwamba nikirudi bila vikuku, mimi ndiye nitakayefungwa mkononi mwa Biasha.

Jumapili, 11 Machi

Nimerudi salama. Nimechoka kama niliyesafiri hadi Uarabuni.

Vikuku nilivifunga kitambaani, kitambaa kiunoni, mshipi juu yake, koti juu ya yote. Mkono wangu haukuondoka tumboni. Ndani ya basi mama mmoja aliyekuwa na kuku akaniuliza mbona najishika. Nikasema tumbo. Lahaula! Akanipa kipande cha tangawizi nitafune. Akamwambia wa mbele yake, wa mbele akamwambia dereva. Kila mtu alikuwa na dawa. Nimetafuna tangawizi, nimelambishwa chumvi, nimesomewa na mzee wa Vanga aliyekuwa akirudi kwao. Msambweni nikateremshwa kwa kushikwa huku na huku kama mgonjwa, na mimi nikizidi kujishika ili vikuku visilie.

Mzee Chirau hakukifungua hata hicho kitambaa! Amekitia mfukoni, kisha akaniuliza hali ya mama. Nilitaka avikague mbele yangu, kama tunavyofanya ghalani. Akasema avikague kwa nini, kwani si mimi niliyevileta? Bi Mwanafatuma akapiga vigelegele. Biasha akasema nyuma ya pazia, ahsante, kaka Othman.

Kaka! Nimebebeshwa dhahabu ya watu, nimelambishwa chumvi, malipo yangu ni kuitwa kaka. Mombasa hata tarishi hualikwa.

Mama aliniuliza watu wa huku wakoje. Nikamwambia ni wazuri, ila hawajui taratibu. Akasema nimenenepa. Kweli nimenenepa. Na jambo la ajabu, jana kitandani mwangu mwa zamani sikupata usingizi mzuri. Kimya kingi. Nilimkosa yule jogoo.

Jumanne, 13 Machi

Mbuzi wa harusi wamefungwa kwenye nguzo ya baraza yangu. Nilipouliza kwa nini kwangu, nikaambiwa kuna kivuli. Mmoja ametafuna pindo la kanzu niliyoianika. Si mbuzi tena, ni mgeni mwenzangu, na yeye angalau atakuwapo kwenye karamu.

Njia ya nne: kuuliza bila kuuliza. Nilimwendea Mzee Shutu barazani kwake, akijikanda magoti. Nikamuuliza kama kazi yake ya kualika imekwisha. Akasema imekwisha, miguu ndiyo haijasamehe. Nikauliza, katika watu wengi hivyo, haiwezekani mtu mmoja akasahauliwa? Kwa mfano tu, mtu wa upande wa mbata?

Mzee wa watu akafumba macho, akawapitia kwa vidole. Mhindi wa duka. Mwalimu. Bwana Misitu wa serikali. Jamaa wa bwana harusi wa Funzi. Wale wa Vanga. Akafumbua macho akasema kwa kuridhika, "Wageni nimewamaliza wote, mwanangu. Hapana aliyebaki."

Wageni amewamaliza! Na mimi simo. Basi mimi si mgeni hata. Niko chini ya mgeni. Chini ya mgeni kuna nini? Kuna wale waliofungwa kwenye nguzo.

Nilimweleza Bi Mwanarusi. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema wanaoalikwa ni watu wa mbali. Nikamjibu kwamba mimi niko karibu kabisa, ukuta kwa ukuta, na kadiri mtu alivyo karibu ndivyo dharau inavyokuwa kubwa. Akafuta machozi kwa leso akauliza, "Huko skuli, mwanangu, ulikuwa ukifanya nini?" Nikamtajia masomo yote. Akarudi kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi, akicheka.

Jumatano, 14 Machi

Mwalimu Alfani amenitembelea. Ameketi barazani kati ya mbuzi, na suruali iliyonyoshwa.

Alikuja kulalamika. Eti tangu afike, nyumba yoyote anayoingia analetewa kiti, kinafutwa, anapewa sharubati, kisha watu wote wananyamaza mpaka aondoke. Eti hakuna aliyewahi kuingia kwake kuchukua kitu. Ameacha mlango wazi makusudi, lakini wapi. Akautazama ule mchele kupitia dirishani, akavuta pumzi, akaniuliza mimi nilifanyaje.

Majivuno nayajua nikiyasikia. Kiti! Sharubati! Mtu anajigamba kwa kununa, ili usimshitukie.

Lakini nilijizuia, kwa kuwa njia ya tano ilinijia hapohapo. Mzee Shutu alimwambia aje yeye na mwenzake. Mwalimu hana mke hapa, hana ndugu. Nikamwuliza mwenzake ni nani. Akasema hana. Nikasema ampate mtu kama mimi, kwa mfano?

Alifurahi hata nikaona haya. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikamwambia kuhusu nguo, nimefikiri tena, kanzu nayo ingefaa. Akasema hapana, suti amekwisha kuianika.

Ijumaa, 16 Machi

Siku ndefu. Naandika yote kwa mpangilio.

Alfajiri, baada ya sala, Kavumbi alikuja dirishani kuniita nikapasue kuni. Nilijibanza nyuma ya mlango. Akaita, "Othman! Othman wee! Umekufa tukuzike leo leo?" Kuni! Siku ya karamu! Akaondoka akinung'unika kwamba Waswahili wa Mombasa hulala kama magogo.

Baada ya sala ya Ijumaa tukaenda, mimi na Mwalimu. Yeye ndani ya suti ya sufi, tayari ana rangi ya pweza aliyechemshwa. Tukanyunyiziwa marashi mlangoni. Tukaketishwa chini ya turubai, kwenye jamvi la wageni, mbele, karibu na Bwana Misitu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nimefika! Nilikunja miguu yangu kwa utulivu wa mtu aliyezoea.

Jamvini palikuwa kimya. Mhindi alimtazama Bwana Misitu, Bwana Misitu akatazama turubai. Mtu mmoja wa Funzi akakohoa, nasi sote tukamshukuru moyoni. Nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, kulikuwa na kelele za kila namna. Visu, nyimbo, matusi ya utani, mtu akimfukuza mtu kwa mwiko. Harufu ya pilau ikaja. Nikajikumbusha kwamba mimi ndiye niliyeko mahali pa heshima.

Masinia yakaanza kutoka. La kwetu alilileta Kavumbi mwenyewe. Akainama kulitua, akaniona.

Akatua sinia polepole, akarudi nyuma ya nyumba. Kidogo tu, zile kelele zikazimika. Zote. Nikasikia moto ukilia kwenye kuni.

Kisha akaja Mzee Chirau. Mikono ya kanzu imekunjwa, majivu usoni. Akachuchumaa mbele yangu mbele ya watu wote, akaniuliza kwa sauti ya chini wamenikosea nini.

Sikuelewa. Akaendelea. Kama ni magunia yalinibana, alisema, wamekosa. Kama ni mbuzi, niwasamehe, kanzu itashonwa nyingine. Kama Kavumbi amenitania kupita kiasi, ataadabishwa. Lakini nisijitenge nao siku ya harusi ya dada yangu, nikakaa na wageni, watu wa Funzi wakaona kwamba nyumba ya Chirau ina mtu aliyenuna. Mzee wa watu alikuwa karibu kulia, wallahi, na mimi tonge liko mkononi.

Nikakusanya heshima yangu yote nikasema kwamba Mzee Shutu alipita mlangoni pangu. Alikunywa maji akaenda zake. Sikualikwa.

Mzee Chirau akanitazama. Akamtazama Mwalimu. Akanitazama tena.

"Na mimi," akauliza, "mimi nimealikwa na nani? Kavumbi kaalikwa na nani? Mama aliyemzaa Biasha, yeye naye kapigiwa hodi?"

Kutoka nyuma ya ukuta sauti ya Kavumbi ikapaa, "Mwambie kuni zake zamngoja tangu alfajiri!" Kelele zote zikarudi kwa pamoja. Hata Bwana Misitu alicheka, na hakujua anacheka nini.

Basi nikanyanyuliwa jamvini kwa mkono, mbele ya halaiki, kabla sijatia tonge kinywani. Nyuma ya nyumba nikavuliwa koti. Nikapewa mwiko mrefu kama kasia na sufuria ya pili, ambayo ilikuwa haijaiva. Moshi, jasho, macho kama pilipili. Kavumbi alinihudumia kwa kila dhihaka. Aliniita bwana mgeni. Alilifuta figa kwa leso akanikaribisha kiti. Alininyunyizia maji ya kuoshea nyama akasema ni marashi ya kutoka Uarabuni. Nikamjibu kwamba pilau lake halina chumvi, ndiyo maana anakaa mbali na walaji. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Sijui maneno hayo yalinitoka wapi.

Mwalimu Alfani alipomaliza kula alisimama kwenye kona ya nyumba, akitutazama. Alisimama muda mrefu. Kavumbi akamwita, "Mwalimu, vua hilo blanketi uje ushike shoka!" Koti lilikuwa chini kabla shoka halijatajwa. Amepasua kuni ambazo hakuna tena aliyezihitaji, huku akitabasamu kama mtoto wa Idi.

Tulikula mwisho, wageni walipokwisha kwenda. Hakuna jamvi, hakuna sinia. Tumeizunguka sufuria tukagombania ukoko kwa mikono. Mzee Chirau alinimegea wake. Sijapata kula chakula kitamu hivyo tangu nizaliwe, na mama asilione daftari hili.

Muhtasari. Njia ya tano imeshindwa. Nimeondolewa kwenye jamvi la wageni hadharani. Bado sijaalikwa. Nina furaha nyingi isiyo na sababu. Nadhani ni ukoko.

Jumapili, 18 Machi

Mikono ina malengelenge. Koti lanuka moshi, nami sijalifua.

Bi Mwanarusi ameniketisha jioni hii kunieleza, neno kwa neno, kama anayemfundisha mtoto alifu na bee. Alisema hapa anayealikwa ni mgeni. Mwenyeji haalikwi, huja kwa sababu kuna kazi, na asipokuja ndipo watu huuliza ana nini. Alisema watu hawaweki mchele wao kwa mtu wasiyemjua, wala dhahabu. Alisema nimekuwa mwenyeji tangu siku ile karabai ilipochukuliwa.

Nimemshukuru sana. Ni mama mwema, amejitahidi kunifariji.

Kuhusu Mombasa. Jana tajiri wangu alipita ghalani kukagua mbata. Akasema nafasi ya karani imepatikana katika ghala lake la kule, na anajua kwamba huku panachosha, hivyo nikitaka nirudi. Nilikuwa nimeapa kwa wino. Nilifikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

Nimekataa. Nitaondokaje kabla ya kualikwa? Watasema nimekimbia! Nimemwambia tajiri kwamba nina shughuli ambayo haijakamilika. Akauliza ni shughuli ya mbata? Nikasema ni ya heshima. Akanitazama kidogo, akaenda kuhesabu magunia mwenyewe.

Nilipotoka ghalani nilipiga mluzi njia nzima. Sijui kwa nini.

Jumatano, 4 Aprili

Mawingu yameanza. Mvua karibu, na Ramadhani karibu zaidi. Kavumbi anaoa Ijumaa hii, kabla ya kufunga. Hakuna aliyeamini mpaka posa ilipopokelewa.

Mzee Shutu goti limevimba, hawezi kutembea. Leo mchana Kavumbi aliingia bila hodi, akala embe langu, na kokwa akanikabidhi mimi mkononi. Kisha akasema nivae kanzu nzuri nishike bakora, nikaalike. Sauti yangu inafaa, alisema, na tena nimesoma, sitasahau mtu.

Mimi mwalikaji!

Nimeifanya kazi kwa ukamilifu. Nimepiga hodi, nimengoja, nimesalimu, nimetamka kila neno: Kavumbi akusalimu sana, na akutaka uje umtilie baraka harusini kwake, Ijumaa baada ya sala. Mhindi wa duka amesema hajawahi kualikwa kwa ufasaha kama huo. Bwana Misitu alisimama kunipokea. Jamaa wa bi harusi waliofika kutoka Samburu nimewaalika mmoja mmoja, ili asiwepo wa kunung'unika.

Jambo moja la kusikitisha. Nilipokuwa nageuka kwenda kwa Mwalimu Alfani, Kavumbi akanikataza. Akasema mwalimu nimwache, ana kazi ya kuni tangu kesho. Masikini! Harusi moja tu, amekwisha kushuka daraja. Nilipita kwake hata hivyo, nimtulize. Nikamkuta uani ananoa shoka, anaimba. Hajui kitu. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Nimerudi nyumbani kabla ya magharibi, nimechoka, nimeridhika. Nikaiegemeza bakora ukutani. Nikaketi. Ndipo jambo liliponijia.

Mtaa mzima umealikwa. Wageni wote, wa hapa na wa Samburu. Na mimi je? Hakuna aliyenialika!

Nimefikiri kwa utaratibu. Wa kulaumiwa si Kavumbi. Wa kulaumiwa ni mwalikaji, na mwalikaji ni mimi. Basi kosa laweza kurekebishwa leo leo.

Nikachukua bakora. Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikakohoa kidogo. Nikapiga hodi. Kimya. Nikaingia ndani nikajibu karibu, nikatoka tena. Nikasema kwa sauti ya kazini kwamba Bwana Othman, Kavumbi akusalimu sana, na akutaka uje umtilie baraka harusini kwake, Ijumaa baada ya sala. Nikaingia ndani. Sikujibu upesi, mtu asionekane ana pupa. Nikatoka nikasema nitafika, inshallah, na ahsante kwa kunikumbuka.

Bi Mwanarusi akauliza kutoka uani naongea na nani. Nikamwambia kuna mtu alikuja kunialika. Akauliza kama huyo mtu amepewa maji.

Nimeshapiga kanzu pasi. Ijumaa naketi jamvini.